Baada ya Siku ya Kumi na Moja

Mama yangu mdogo alirudi Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli mwaka 1998, tumbo amelifunga khanga mbili, mtoto yuko mgongoni kwa bibi yangu, na mkononi ameshika mfuko wa nailoni wenye karatasi za hospitali. Ilikuwa miaka miwili tu tangu meli ya MV Bukoba izame katika Ziwa Victoria, na watu wa Ukerewe walikuwa bado wanapanda meli huku midomo ikichezacheza kwa dua. Yeye hakuomba. Alituambia baadaye kwamba hofu yake yote aliimaliza Mwanza, kwenye meza ya upasuaji, akabaki hana ya kuipa ziwa.

Karatasi zile nilizisoma mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa kidato cha tatu. Kulikuwa na mistari minne ya mwandiko wa haraka. Amejifungua mtoto hai wa kiume. Ametokwa na damu nyingi. Mfuko wa uzazi umeondolewa. Arudi kliniki baada ya wiki 6. Alikuwa na miaka 29. Kama kuna mtu aliyemweleza zaidi ya hapo, alimweleza akiwa bado na usingizi wa dawa, na maneno yakampita.

Jioni alikaa mkekani nyuma ya nyumba, mtoto anyonya, harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka inatujia na upepo. Alisubiri bibi aingie ndani, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe unasoma. Pale kilipokuwa kizazi, sasa pana nini?"

Sikuwa na jibu. Kitabu chetu cha biolojia kilionyesha kizazi kilivyo. Hakikuonyesha mwili usiokuwa nacho. Swali hilo nimetembea nalo miaka mingi, likanipeleka mpaka Bunyoro na Italia za karne ya 19, na kila nilipofika nilikuta jambo moja. Wanaoandika habari za upasuaji wa kizazi huweka kalamu chini jeraha likishafunga. Mwanamke mwenyewe ndiyo kwanza anaanza safari.

Tuanzie hapo hapo Ukerewe. Desemba 1877, wamisionari wawili wa shirika la CMS la Uingereza, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa kisiwani katika ugomvi kati ya mfalme Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Kundi lao lilikuwa dogo, na pengo lile lilikuwa kubwa. Wengine wakatumwa kufuata kwa njia ya Mto Nile, na miongoni mwao alikuwamo kijana Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari. Mwaka 1879, akiwa mahali panapoitwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, Felkin aliona jambo ambalo madaktari wa Edinburgh walilisoma kwa mshangao alipolichapisha mwaka 1884: mtaalamu wa Kinyoro alimpasua mwanamke mjamzito, akamtoa mtoto, na wote wawili wakaishi.

Mwanamke alikuwa na miaka 20 hivi, na hiyo ndiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa kwenye kitanda cha mwinamo, amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea, amefungwa kwa lubugo, lile gome la mti linalopondwa mpaka likawa kitambaa. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha kwayo tumbo la mgonjwa, kisha akaosha kwa maji. Akapaza sauti kali, na watu waliokuwa nje ya nyumba wakaitikia. Kisu kikapita mara moja kutoka juu ya kinena hadi karibu na kitovu. Msaidizi aligusa kwa chuma cha moto mahali palipochuruzika damu. Mtoto akatolewa, kondo la nyuma likatolewa, kisha mpasuaji akaushika mfuko wa uzazi kwa mikono yake miwili akaukamua mpaka ukajikaza. Hakuushona. Alifunga tumbo kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, akazizungushia uzi wa gome, akapaka juu yake mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Pini tatu zilitolewa siku ya tatu, tatu nyingine siku ya tano, ya mwisho siku ya sita. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga.

Hapo ndipo Felkin alipoishia. Jina la mwanamke hakuliandika. Siku ya 12, na siku aliyoinua mtungi wa maji kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, hazimo.

Naomba msomaji aishike ile mikono miwili inayokamua kizazi, kwa sababu uhai wote wa mzazi unategemea kazi hiyo. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likibanduka, midomo ya mishipa ile yote hubaki wazi. Kinachozuia damu ni misuli ya kizazi chenyewe: nyuzi zake zimepishana kama nyavu, na zinapojikaza, mishipa iliyopita katikati yake hubanwa. Kizazi kikilegea, au kikichanika baada ya uchungu wa siku mbili, au kondo likiwa limezamisha mizizi ndani mno, mama anaweza kuisha katika muda wa kupika ugali na mboga. Mpasuaji wa Kahura hakuhitaji kitabu kulijua hilo. Mikono yake ilijua.

Ulaya ya wakati ule ilikuwa inashindwa hapo hapo. Upasuaji wa kujifungua ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo, maana madaktari hawakuwa na desturi ya kushona mfuko wa uzazi; Max Sänger wa Leipzig ndiye aliyeueneza ushonaji huo kuanzia 1882. Miaka sita kabla yake, tarehe 21 Mei 1876 huko Pavia, Italia, daktari Eduardo Porro alikuwa na mgonjwa aitwaye Giulia Cavallini, mwanamke mfupi mno ambaye ugonjwa wa mifupa wa utotoni ulikuwa umembana nyonga hata mtoto asingeweza kupita. Porro alimtoa mtoto kwa kisu, kisha akaukata mfuko wa uzazi na kuuondoa. Mama akaishi, mtoto akaishi. Kwa miaka kadhaa wapasuaji wa Ulaya walifuata njia hiyo: toa mtoto, toa na kizazi, uokoe mwanamke.

Kwa hiyo kizazi kuondolewa kwenye uzazi kulianza kama rehema. Nalisema hili kwa sababu huku kwetu mwanamke aliyetolewa kizazi mara nyingi huambiwa kwamba madaktari walimwonea au walifanya haraka. Wapo walioonewa, sikatai. Lakini wengi wako hai, wanalea, kwa sababu mtu fulani alifanya uamuzi mgumu katika dakika chache na mkono wake haukutetemeka.

Na mtu huyo ni nani, kwa upande wetu wa ziwa? Mwanza kuna Bugando, ile hospitali kubwa inayouangalia mji kutoka kilimani, iliyojengwa na maaskofu Wakatoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka uliofuata, na kurudi kwa maaskofu mwaka 1985. Ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na madaktari wake waliwahi kukusanya na kuchapisha habari za wanawake waliotolewa kizazi kwa dharura ya uzazi hapo. Lakini kabla ya rufaa kuna wilaya, na katika wilaya aliyeshika kisu kwa miaka mingi alikuwa daktari msaidizi, yule tabibu aliyeongezewa mafunzo. Tanzania ilianza kuwasomesha mwaka 1963, nchi ikiwa na madaktari wachache mno. Mwaka 2009 watafiti, akiwamo Dk. Godfrey Mbaruku aliyefanya kazi miaka mingi Kigoma, walitoa matokeo ya kupitia upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072 katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa imefanywa na madaktari wasaidizi, na watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya wagonjwa wao na wale wa madaktari wenye shahada. Historia ya uzazi katika mwambao huu imeandikwa kwa mikono ya watu hao, na sijaona mtaa wenye jina la hata mmoja wao.

Kingine kilichoamua nani atoke na kizazi chake na nani atoke bila hicho ni maji yenyewe. Mwanamke wa Sengerema au Geita aliyepelekwa Mwanza alifika Busisi akasubiri kivuko. Wa visiwani alisubiri meli, au mtumbwi na mtu wa kupiga kasia. Kizazi kilichochanika asubuhi, ambacho pengine kingeweza kushonwa, kikifika jioni huwa hakishoneki tena. Mama yangu mdogo alianza kutokwa na damu akiwa kisiwani. Sitaki kuhesabu saa zile.

Sasa nirudi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, na swali lake.

Pale kilipokuwa kizazi hapana shimo. Kwa mwanamke asiye na mimba, mfuko wa uzazi ni mdogo kama pera, umekaa katikati ya kibofu cha mkojo na njia ya haja kubwa. Ukiondolewa, utumbo hushuka taratibu na kujaza nafasi, kama watu wanavyosogea kwenye benchi mmoja akinyanyuka. Ikiwa na shingo ya kizazi imetolewa, juu ya uke hushonwa, uke ukawa kama mfuko uliofungwa mwisho wake. Hakuna kitu kinachoweza kupotelea tumboni. Katika dharura ya uzazi mara nyingi daktari huiacha shingo, kwa kuwa kuiacha ni haraka zaidi na mama hana damu ya kusubiria. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuona matone kidogo kila mwezi, na anapaswa kuendelea kwenda kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kama wengine. Wengi hawaendi. Wanaamini hawana tena cha kupimwa, na karatasi yao haisemi.

Wiki za kwanza ni za kidonda. Tumbo hujaa gesi, choo huwa kigumu, damu nyepesi na ute hutoka ukeni kwa wiki kadhaa. Usingizi humkamata mtu mchana, na uchovu hurudi hata baada ya kazi ndogo kama kukunja nguo. Utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo huchukua muda mrefu kuunga kuliko ngozi, na ndiyo sababu ya zile wiki 6 za kutobeba kizito na kutokutana na mume. Kisiwani ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hubebwa kutoka ziwani mara tatu nne kwa siku. Mwambie mwanamke asibebe maji wiki 6, nawe usimwambie nani atambebea, hapo umempa cheti tu. Mama yangu mdogo alibebewa na bibi kwa wiki mbili, kisha bibi akaugua mgongo. Wiki ya tatu nilimwona akitoka ziwani na ndoo nusu, mkono mmoja kichwani, mwingine umebana tumbo juu ya khanga.

Watu walidhani hatakuwa na maziwa. Maziwa yalikuja, kwa sababu amri ya maziwa hutoka kwenye ubongo kondo likishatoka, haitoki kwenye kizazi. Lakini hapa kuna jambo la kuangalia. Mwaka 1937 daktari Harold Sheehan, akiwa Glasgow, alieleza jinsi damu nyingi inayotoka kwenye uzazi inavyoweza kuua sehemu ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoziamuru tezi nyingine. Mama wa aina hiyo hakosi nguvu kwa wiki chache tu; hukosa kwa miaka, hukosa maziwa tangu mwanzo, husikia baridi watu wengine wakitokwa jasho. Dalili nyingine kubwa ni hedhi kutorudi, na kwa mwanamke asiye na kizazi dalili hiyo haiwezi kumwambia kitu. Kwa hiyo mzazi aliyepoteza damu nyingi, akatolewa kizazi, kisha maziwa yakagoma na uchovu ukagoma kuondoka, asiambiwe kwamba ni unyonge tu. Dawa za kujaza kile tezi inachoshindwa kutoa zipo.

Halafu kuna ovari, vile vifuko viwili vya mayai, na humo ndimo lilimo jibu la nusu ya maswali yote. Hedhi ikikoma ghafla, mwanamke hudhani ameingia uzee siku hiyo hiyo. Si hivyo ovari zikiwa zimebaki. Zinaendelea kufanya kazi kama zamani, zinatoa homoni, zinakomaza yai kila mwezi; yai likitoka halina pa kwenda, mwili unalifyonza. Mama yangu mdogo alikuwa na siku zake bila damu. Matiti yalimuuma, alikasirika bure, tumbo lilijaa, kisha vyote vikapita. Kwa mwaka mzima aliamini damu ilikuwa inajikusanya ndani na siku moja itamwua. Alikunywa mizizi ya kuifungua. Damu ya hedhi hutengenezwa na utando wa ndani wa kizazi, na utando huo ulikwisha kuondoka pamoja nacho. Hapakuwa na kitu cha kujikusanya. Sentensi hiyo moja ingemwondolea mwaka wa hofu.

Ovari zikitolewa zote mbili, habari ni nyingine kabisa. Ukomo wa hedhi ambao kwa kawaida huja polepole kwa miaka, humwangukia mwanamke katika siku chache: joto linapanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku linalolowesha shuka, usingizi wa vipande vipande, ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liume. Kimyakimya mifupa nayo huanza kupungua uzito, na moyo hupoteza mlinzi wake. Upasuaji wa Porro, kwa jina alilolipa mwenyewe, ulikuwa wa kuondoa kizazi na ovari pamoja, na mwaka 1876 hakuna daktari duniani aliyejua kwamba ovari hutoa homoni. Mwishoni mwa karne ile ndipo majaribio ya Vienna juu ya sungura yalipoonyesha kwamba ovari hutoa kitu kinachosafiri katika damu, na homoni ya kwanza ya jamii ya estrojeni ilipatikana ikiwa safi mwaka 1929. Wanawake waliotolewa ovari kabla ya hapo waliwaka na kutokwa jasho, wakaitwa wana wazimu wa mishipa. Leo mwanamke aliyetolewa ovari kabla ya miaka 45 hushauriwa kutumia homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, isipokuwa kama ana ugonjwa unaokataza, mfano aina fulani za saratani. Na kwa kuwa hana kizazi, estrojeni peke yake humtosha. Lakini ataulizaje dawa mtu asiyejua alichotolewa?

Hata ovari zilizobaki huchoka mapema kidogo. Tafiti zinaonyesha ukomo huwahi kwa mwaka mmoja hadi minne. Mama yangu mdogo alifika huko akiwa na miaka 46. Mwanamke mwingine angeona hedhi ikiruka miezi, akajua. Yeye hakuwa na hedhi ya kuruka. Aliona joto na jasho la usiku, akadhani ni malaria, kama mtu yeyote wa ziwani angedhani. Alipima mara tatu kwenye zahanati, mara zote hakuna vimelea, na mara mbili akapewa dawa za malaria hivyo hivyo. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, mwili unawaka moto na hauna homa." Safari hiyo nilikuwa na jibu.

Kuna jambo la ndoa, na wanawake wa kwetu hulizungumza kwa macho zaidi ya mdomo. Mtaani husemwa kwamba mwanamke asiye na kizazi ni ganda, hana joto, mume atagota mahali. Mishipa ya fahamu inayoleta raha imejaa nje, kwenye kinembe na mlango wa uke, na upasuaji huu haufiki huko. Walioishi miaka na uvimbe wa kizazi, wakitoka damu wiki mbili kwa mwezi, wengi husema mambo yao yalikuwa mazuri zaidi baadaye. Wengine husema kuna kitu kilipungua, hasa wale waliosikia raha yao kwa mkazo wa kizazi, na nao wasikilizwe bila kubishiwa. Aliyeondolewa kizazi kwa dharura hana muda wa kujiandaa. Ameingia wodini akiwa mzazi wa watoto wengi wajao, ametoka amefungiwa mlango. Huzuni yake ni msiba usiokuwa na matanga. Ndugu za mume wa mama yangu mdogo walimshauri kaka yao aoe mwingine, kwa kuwa mtoto mmoja ni jicho moja. Mume alikataa. Alikuwa mvuvi mkimya, na sikupata kumsikia akitoa hotuba juu ya jambo hilo. Niliona tu kwamba kuanzia mwezi ule ndoo za asubuhi alikuwa anateka yeye, kabla ya jua, watu wasimcheke.

Baadaye kabisa huja suala la sakafu ya nyonga, ile misuli inayoshikilia vyote kutoka chini. Kizazi kilikuwa na kano zake, na zikikatwa, kwa baadhi ya wanawake uke au kibofu hushuka miaka ikienda, mkojo ukawatoka wakikohoa. Zoezi lake halina gharama: kukaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, kuhesabu hadi tano, kuachia, kurudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Linafanyika hata ukiwa umeinama unaanika dagaa.

Si wote wanaotolewa kizazi kwa uzazi. Uvimbe ndio huwaleta wengi, na saratani ya shingo ya kizazi huwaleta wengine, ingawa kwa hiyo ya mwisho wengi wa kwetu wamefika wakati kisu hakiwezi tena kusaidia, na kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Lakini Mwanza imetoa kitu kwa ajili ya mabinti ambacho dunia nzima imekitumia. Kuanzia 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa MITU, kituo kinachoendeshwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na chuo cha afya cha London, kupima kama dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, inafanya kazi kama mbili au tatu. Kingamwili za dozi moja zilidumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania nayo ikaifuata. Mabinti wale walinyoosha mikono yao, na sasa kuna vizazi vitakavyobaki tumboni mwa watu wasiowajua, katika nchi wasizozisikia.

Na damu ya uzazi nayo imepata wapinzani. Mwaka 1997, mwaka mmoja tu kabla ya siku ya mama yangu mdogo, Christopher B-Lynch, mzaliwa wa Sierra Leone aliyefanya kazi Uingereza, alichapisha namna ya kukishona kizazi kilicholegea kwa uzi unaokibana kama mzigo uliofungwa kamba, kisiondolewe. Ni ile mikono miwili ya Kahura, safari hii kwa uzi. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ulionyesha kwamba kuikinga damu kwenye karatasi ya plastiki yenye vipimo, ili ionekane mapema, na kutoa tiba zote kwa mkupuo, hupunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Sengerema na Shinyanga ndiko ulikoanzia mpango wa m-mama, ambapo mzazi mwenye dharura hupigiwa 115 na dereva wa kijijini humchukua pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Vifo vya uzazi nchini, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, vilikadiriwa kuwa 104 mwaka 2022. Na tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya ghuba kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 za daraja, pale ambapo wazazi walikuwa wakisubiri kivuko.

Ukerewe bado kuna maji ya kuvuka. Mwaka jana binti wa jirani alirudi kutoka Mwanza, ana miaka 31, watoto watatu, mfuko wa karatasi mkononi. Nilikuwa nimekwenda kusalimia. Mama yangu mdogo, ambaye sasa nywele zimekuwa mvi, hakungoja kuitwa. Aliteka maji, akajitwisha ndoo, tukaenda wote. Alitua ndoo jikoni kwa yule binti, akamwambia kwamba kesho ataleta nyingine, na keshokutwa, mpaka wiki 6 ziishe, na mume wake akae ajifunze njia ya ziwani. Kisha akakaa naye kitandani, akamfunga upya khanga ya tumbo, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, wala hakujali wanaume waliokuwa barazani:

"Ovari wamekuachia?"

Binti alisema hajui. Mama yangu mdogo akaomba zile karatasi, akanipa.

"Tafuta hapo," akasema. "Soma kwa sauti, asikie."